Umeme wa Ziada katika Gridi Ndogo: Unakokwenda, na Jinsi Mtumiaji Anavyoweza Kunufaika Nao

Katika vijiji na visiwa vinavyopata umeme kutoka gridi ndogo ya jua, kuna swali ambalo wateja huuliza kwa uchungu, nalo ni la haki. Mchana jua ni kali na paneli zimejaa uwanjani, lakini alfajiri umeme unakatika, au jenereta inanguruma kwa dizeli ambayo gharama yake humrudia mteja. Je, umeme wa mchana umekwenda wapi? Kuna anayeuficha? Na kama upo wa kutosha, kwa nini bei ya uniti haishuki?

Katika makala hii tunaeleza umeme wa ziada ni nini, kwa nini hutokea, na kwa nini mara nyingi hupotea bila mtu yeyote kuuiba. Tunaeleza pia hatua ambazo mtumiaji, kamati ya kijiji na mtoa huduma wanaweza kuchukua ili ziada hiyo ifanye kazi badala ya kupotea. Mtumiaji anayeielewa gridi yake hulipa kwa akili, hudai kwa hoja, na hadanganyiki kwa urahisi.

Gridi iliyojitenga inavyofanya kazi

Gridi ya Taifa ni kama ziwa kubwa lenye mito mingi inayoingia na kutoka. Umeme ukizidi mahali pamoja, hutumika mahali pengine. Mtambo wa maji wa Mwenga, wilayani Mufindi, wenye uwezo wa megawati 4, ni mfano mzuri. Unahudumia vijiji vya jirani, na umeme usiotumika vijijini huuzwa TANESCO kupitia gridi ya Taifa.

Gridi ndogo iliyojitenga haina mlango huo. Ni kama mtungi mmoja: kinachoingia lazima kitumike humo humo. Gridi za jua za aina hii zipo katika maeneo kama kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, ambako huduma ilianza mwaka 2016. Katika gridi ya namna hii, wazalishaji na watumiaji wote wamo katika eneo dogo, na hakuna jirani wa kumpelekea kilichozidi.

Umeme una tabia moja inayoutofautisha na mahindi au mafuta ya taa. Katika waya hauna ghala. Kila sekunde, kiasi kinachozalishwa lazima kilingane na kiasi kinachotumika pamoja na kinachoingia kwenye betri. Mizani hiyo huonekana katika kasi ya mkondo wa umeme, ambayo hapa kwetu ni mizunguko 50 kwa sekunde. Uzalishaji ukizidi matumizi, kasi hupanda, na ukipungua, hushuka. Katika gridi kubwa mabadiliko hayo huwa madogo, lakini katika gridi ya kijiji pampu moja ikizimwa au mashine moja ya kusaga ikiwashwa, mfumo mzima huhisi. Kasi au nguvu ya umeme ikitoka nje ya mipaka, vifaa vya nyumbani huweza kuungua. Kwa hiyo mtambo umeundwa kujilinda, na kinga yake ya kwanza dhidi ya ziada ni kupunguza uzalishaji.

Ziada hutokea lini?

Jua huwa na nguvu zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Wakati huo watu wengi wako shambani, ziwani au sokoni, na nyumba nyingi hazitumii umeme ila kuchaji simu. Matumizi hupanda kuanzia saa 1 usiku, taa na televisheni zinapowashwa na pasi kupashwa moto. Hapo jua limekwisha kuzama.

Sababu ya pili ni ukubwa wa mtambo wenyewe. Mtaalamu anayebuni mtambo huweka paneli za kutosha siku ya mawingu na za kukidhi ongezeko la wateja kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo siku ya jua kali, hasa katika miaka ya mwanzo, ziada haikwepeki. Kuwapo kwa ziada si dalili ya ufisadi wala ya ubovu. Linalostahili kuulizwa ni jinsi ziada hiyo inavyosimamiwa.

Mitambo ya maji ina hali yake. Mto hautulii usiku, hivyo ziada hutokea usiku wa manane, wakati watu wamelala na maji yanaendelea kuzungusha mtambo. Msimu wa masika huongeza ziada, na kiangazi huimaliza.

Umeme usiotumika unakwenda wapi?

Jibu hutegemea aina ya mtambo.

Katika mtambo wa jua, betri zikijaa, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa nyumbani, yaani inveta, huziamuru paneli zipunguze uzalishaji. Paneli hubaki zimeangaza juani, lakini hazitoi nguvu zake zote. Umeme huo haukuzalishwa kabisa, kwa hiyo haukuibwa wala kufichwa. Ni sawa na bomba lililofungwa nusu kwa sababu ndoo imejaa.

Katika mitambo midogo ya maji, mara nyingi umeme uliozidi huelekezwa kwenye hita zilizozamishwa kwenye maji au kuwekwa hewani. Hita hizo humeza ziada na kuigeuza kuwa joto ili mtambo usizunguke kwa kasi ya hatari. Hapa umeme umezalishwa kweli, lakini joto lake hupotea lisipotafutiwa kazi.

Katika mtambo wa upepo, mabawa hugeuzwa ili yasipokee nguvu yote ya upepo, au mtambo husimamishwa.

Iko hali ya nne ambayo wateja wengi hawaijui. Palipo na jenereta ya dizeli inayofanya kazi pamoja na paneli, jenereta haipendi kufanya kazi nyepesi mno. Ikiendeshwa kwa muda mrefu chini ya theluthi moja hivi ya uwezo wake, huchoma mafuta vibaya, hujaa masizi na huharibika mapema. Kwa hiyo jenereta ikiwa imewashwa, huenda jua likapunguzwa ili kuipa jenereta kazi ya kutosha. Mteja akiona dizeli inachomwa mchana wa jua, ana haki ya kuuliza kwa nini jenereta haijazimwa.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kijiji cha mfano chenye paneli za kilowati 50. Tukadirie kuwa siku ya jua paneli hizo zinaweza kutoa uniti 225. Mchana, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, kijiji hutumia uniti 72. Jioni hadi saa 4 usiku hutumia uniti 56, na kutoka hapo hadi alfajiri uniti 32. Matumizi ya usiku kwa jumla ni uniti 88.

Betri za kijiji hiki zinaweza kutoa uniti 80 kwa usiku mmoja. Kwa kuwa kila betri hupoteza kiasi fulani inapochajiwa na inapotumika, lazima ziingizwe takriban uniti 90 ili zitoe 80. Sasa tujumlishe: uniti 72 za mchana na 90 za betri ni uniti 162. Paneli zingeweza kutoa 225. Uniti 63 zimepotea.

Usiku ukifika, mahitaji ni uniti 88 na betri zina 80. Upungufu ni uniti 8, na hapo ndipo umeme unapokatika kabla ya jogoo kuwika, au jenereta inapowashwa na kuteketeza takriban lita 3 za dizeli. Kijiji kimepoteza uniti 63 mchana, kisha kimenunua dizeli kwa ajili ya uniti 8 usiku huo huo.

Sasa tuseme baadhi ya familia zimehamishia mchana kazi za kupiga pasi, kugandisha friza na kupika maharage, na kwa hiyo uniti 15 zimetoka usiku na kwenda mchana. Mahitaji ya usiku yanakuwa uniti 73. Betri zinatosha na kubakiza, jenereta haiwashwi, na hakuna aliyelala gizani. Hakuna paneli iliyoongezwa wala betri iliyonunuliwa. Kilichobadilika ni saa ya kufanya kazi tu.

Kwa nini isiongezwe betri tu?

Wakati mwingine kuongeza betri ndilo jibu sahihi, hasa wateja wanapoongezeka. Lakini betri ni miongoni mwa sehemu ghali za mtambo, na hufa kabla ya paneli. Betri za risasi na asidi hufupishwa maisha zikizoea kukaushwa zaidi ya nusu. Betri za lithiamu huvumilia zaidi, lakini nazo huchakaa kila zinapojazwa na kukamuliwa, na huchakaa haraka katika chumba chenye joto kali. Kila uniti inayopitia kwenye betri hubeba gharama ya uchakavu huo. Uniti inayotumika moja kwa moja wakati wa jua haina gharama hiyo.

Aidha, betri iliyotoshelezwa kumeza ziada yote ya siku za jua kali ingekaa bure siku nyingine nyingi, na mteja ndiye angeilipia. Kwa hiyo kabla ya kijiji kudai betri mpya, ni busara kwanza kuuliza: ni kazi gani za usiku zinazoweza kufanyika mchana?

Kazi zinazofaa kuhamishiwa kwenye saa za ziada

Taa haihamishiki, wala taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Lakini kazi nyingi huweza kungoja jua, na baadhi yake zinaweza kuhifadhi nguvu kwa namna iliyo nafuu kuliko betri.

Kusukuma maji. Tangi la kijiji ni ghala bora. Kupandisha lita 10,000 za maji hadi kimo cha mita 30 huhitaji takriban uniti 2 kwa pampu ndogo ya kawaida. Pampu ikifungiwa saa maalumu ya kuiwasha saa 5 asubuhi na kuizima saa 9 alasiri, wananchi watateka maji jioni bila kuigusa betri.

Barafu na kugandisha. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri huhifadhi ubaridi kwa saa nyingi. Mvuvi, muuza samaki au mwenye duka la vinywaji anaweza kugandisha mchana na kupunguza matumizi usiku. Katika visiwa vya wavuvi, barafu iliyotengenezwa mchana inaweza kuamua iwapo samaki watauzwa kwa bei nzuri au watatupwa.

Kusaga na kukoboa. Mashine ya nafaka ndiyo mteja mkubwa wa vijiji vingi. Ikifanya kazi mchana hutumia umeme unaotoka moja kwa moja juani. Ikiwashwa saa 1 usiku, inaweza kuangusha gridi nzima.

Kuchomelea vyuma, useremala na ushonaji. Fundi akipanga kazi nzito kati ya saa 4 na saa 9, huwapunguzia majirani zake kukatikiwa umeme usiku.

Kupika. Jiko la kawaida la koili hula umeme mwingi, lakini sufuria ya umeme yenye mfuniko wa presha hupika nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Maharage yakichemshwa mchana na kuungwa jioni, kuni na mkaa vimeokolewa bila kuubebesha usiku mzigo.

Huduma za jamii. Zahanati inaweza kuchemsha vifaa na kupasha maji mchana. Shule inaweza kuchaji kompyuta na taa za wanafunzi saa za jua ili zitumike jioni.

Palipo na mtambo wa maji, mpangilio hugeuka: saa za ziada ni usiku wa manane, na kazi inayofaa ni ile inayojiendesha bila mtu kuisimamia, kama kupasha maji au kujaza tangi.

Visiwa vingine vimefanyaje?

Kisiwa cha Eigg, huko Uskoti, hakijaunganishwa na gridi ya taifa lao. Tangu mwaka 2008 wakazi wake, ambao ni watu mia moja hivi, wanaendesha gridi yao ya maji, upepo na jua, na jenereta huwa ya akiba. Walikubaliana kwamba kila nyumba isitumie zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, na kila biashara isizidi kilowati 10. Upepo na mvua vinapoleta ziada, umeme huo hupasha joto majengo ya umma, ukiwemo ukumbi wa jamii, ili manufaa yawafikie wote. Funzo letu hapa ni kwamba ziada ilipangiwa kazi mapema, na mipaka ya matumizi iliwekwa na watumiaji wenyewe.

Kisiwa cha El Hierro, katika Visiwa vya Kanari vya Hispania, kilichukua njia nyingine. Tangu mwaka 2014 ziada ya mitambo yake ya upepo husukuma maji hadi bwawa lililo mlimani, na upepo ukitulia maji hayo hushushwa ili yazungushe mitambo ya umeme. Mwaka 2019 kisiwa hicho kilikaa zaidi ya wiki tatu mfululizo bila kuhitaji dizeli, ingawa kwa hesabu ya mwaka mzima bado dizeli inahitajika. Njia hiyo huhitaji mlima na mabwawa makubwa. Lile tangi letu la lita 10,000 katika kimo cha mita 30, maji yake yakishushwa ili kuzalisha umeme, yangerudisha chini ya uniti moja. Kwa kijiji, maji yaliyopandishwa tangini yana thamani kubwa zaidi yakinywewa na kumwagiliwa bustani.

Bei ya saa za ziada

Mteja huuliza: kama jua ni la bure na umeme unapotea, kwa nini tunalipa bei ile ile mchana? Sehemu kubwa ya gharama za gridi ndogo ni mikopo, paneli, betri, nguzo na mishahara. Gharama hizo hazipungui umeme usipotumika. Tuseme gharama za mwezi ni shilingi 3,000,000 na uniti zilizouzwa ni 4,800. Kila uniti imebeba wastani wa shilingi 625. Zikiuzwa uniti 1,200 zaidi kutoka kwenye ziada ya mchana, gharama ikabaki ile ile, wastani hushuka hadi shilingi 500. Hapo ipo nafasi ya kumpa mteja bei nafuu mchana bila mtoa huduma kupata hasara.

Kwa sababu hiyo tunawahimiza watoa huduma kuweka bei ya mchana, na tunawahimiza wateja kuiomba. Lakini kabla ya kukubali mpango wowote, mteja aulize mambo haya:

1. Bei nafuu inaanza na kuisha saa ngapi, na mita inatambua saa hizo yenyewe?

2. Je, bei ya usiku itapanda ili kufidia ya mchana? Kama itapanda, kwa kiasi gani?

3. Siku ya mawingu, umeme wa bei nafuu unaweza kusitishwa? Mteja atajulishwaje, na mapema kiasi gani?

4. Uniti zilizonunuliwa kwa bei ya mchana zinaweza kutumika usiku, au zinaisha muda?

5. Je, mteja analazimishwa kununua au kukopa kifaa fulani ili apate bei hiyo?

Majibu yawe kwa maandishi na kwa Kiswahili. Mwenye mashine ya kusaga au friza asichukue mkopo wa kifaa kwa kutegemea bei ya ziada kabla ya kupata jibu la swali la tatu. Ziada ya kiangazi haipo masika, na ziada ya mwaka huu inaweza kumezwa na wateja wapya mwakani. Marejesho ya mkopo hayangoji mawingu yapite.

Mambo ya kuepuka

Mteja asiunganishe paneli, betri au jenereta yake binafsi kwenye waya za gridi bila kibali cha maandishi cha mtoa huduma. Umeme unaorudi kwenye waya huweza kumuua fundi anayeamini kuwa laini imezimwa, na huweza kuvuruga mizani ya mtambo mzima. Mwenye paneli zake azitumie kwa saketi iliyotengwa kabisa.

Mteja asibadili nyaya zinazoelekea kwenye mita ili apite kiwango alichowekewa. Kiwango hicho ndicho kinachozuia nyumba moja kuzima nyumba mia.

Tusitumie umeme ovyo pia kwa kisingizio cha ziada. Taa inayowaka mchana bila sababu haimpi mtu faida, na bado mwenye nayo analipia uniti.

Haki ya kujua na njia ya kulalamika

Mteja anapaswa kujua bei anayotozwa na sababu ya kukatiwa umeme. Kamati ya kijiji inaweza kumwomba mtoa huduma atoe kila mwezi takwimu tatu rahisi: uniti zilizozalishwa, uniti zilizouzwa, na lita za dizeli zilizotumika. Palipo na mitambo ya kisasa, takwimu hizo hurekodiwa na mtambo wenyewe, kwa hiyo kuzitoa si kazi kubwa. Zikibandikwa ofisi ya kijiji, minong'ono mingi itaisha, na mjadala utakuwa wa namba badala ya tuhuma.

Mwenye lalamiko aanze kwa mtoa huduma, kwa maandishi, akitaja namba ya mita, tarehe na saa ya tukio, na abaki na nakala. Asiporidhika na jibu, au asipojibiwa, analo jukwaa la EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za umeme nchini. Malalamiko yanayofanana ni afadhali yawasilishwe kwa pamoja kupitia serikali ya kijiji, kwa kuwa tatizo la betri au la bei si la nyumba moja.

Kwa ufupi, mtumiaji aanze wiki hii kwa jambo moja: aorodheshe vifaa anavyotumia baada ya saa 12 jioni, kisha atie alama kwenye kila kimoja ambacho kingeweza kufanya kazi saa 6 mchana. Orodha hiyo aipeleke kwenye mkutano wa kijiji. Familia 50 zikifanya hivyo, kijiji kitakuwa na hoja ya kuomba bei ya mchana, na mtoa huduma atakuwa na sababu ya kuikubali.